MREJESHO: Honda CG125 imewaka, ila tangi bado linanitesa

Wakuu, ni mimi yule niliyeuliza kuhusu pikipiki ya marehemu baba, iliyolala stoo miaka kumi na moja: haina cheche, tangi limejaa kutu, nianzie wapi? Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema nisifungue injini kabla ya kusafisha platini (vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche) alipatia. Nilizisugua kwa msasa laini, nikafuta, nikaweka nafasi ya milimita 0.35 kwa geji. Nikagusisha plagi kwenye silinda, kiki moja tu, cheche ya bluu hiyo! Koili mpya (ile inayokuza umeme wa cheche) niliyoagiza kwa papara iko kwenye boksi mpaka leo.

Kabureta kuloweka peke yake hakukutosha. Jeti ya silensa, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma taratibu, ilikuwa imeziba kabisa. Niliizibua kwa uzi mmoja mwembamba wa waya wa umeme. Sasa inanguruma yenyewe bila kushikilia mkono wa mafuta.

Tangi ndiyo kesi. Nilifuata ushauri wa siki, siku tatu, na nati chache ndani za kutikisia. Kutu ilitoka kweli, na matundu matatu kama ya sindano yakajitokeza chini. Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa kizibo! Gundi ya epoksi ilishika wiki moja, ikaanza kutoka jasho la petroli.

Kwa hiyo barabarani bado. Tangi linakwenda kuchomelewa, na mkuu uliyenionya kwamba mvuke wa petroli hulipuka hata tangi likiwa tupu, nimekusikia: litaoshwa vizuri kwanza.