Tupeane uzoefu: Ulikuwa wapi uliposikia msanii wako amefariki? (Kanumba, Sharo, Majuto, Ojwang na wengine)

Mtoto wa Uswazi
Wadau, za jioni. Leo nimepanda basi la mkoani, wameweka filamu ya Kanumba. Gari zima kimya, hadi konda kasimama mlangoni anaangalia, kasahau kudai nauli. Mama mmoja pembeni yangu akaguna, "Angekuwa mtu mzima sasa huyu." Amezaliwa 1984, piga hesabu mwenyewe.

Wasifu wake sote tunaujua: Shinyanga, kundi la Kaole, tamthilia ya Jumba la Dhahabu pale ITV, zile filamu na Wanaijeria, halafu usiku ule wa Ijumaa Kuu alipofia nyumbani kwake, Sinza Vatican. Sitaki wasifu. Nataka mtu aseme alikuwa wapi, alisikiaje, alifanya nini. Na siyo lazima awe Kanumba. Karibuni.

Soprano wa Pili
Jumamosi asubuhi, 7 Aprili 2012. Tuko kanisani tunafanya mazoezi ya nyimbo za mkesha wa Pasaka. Mpiga kinanda akapata meseji, akaisoma, akaacha kupiga katikati ya Aleluya. Mwalimu wa kwaya alifoka mpaka alipopewa simu asome mwenyewe. Mazoezi yaliishia pale. Usiku tuliimba vibaya, na hakuna aliyetulaumu.

Kokoto
Mimi nilijua ni uzushi wa mtandaoni. Niliamini nilipoona bodaboda zote za kijiweni kwetu zinaelekea Sinza bila abiria.

Deki Mbovu
Nilikuwa na duka la kukodisha CD, Manzese. Siku ile mpaka saa nne asubuhi rafu ya Kanumba ilikuwa tupu. Watu walikuwa hawaulizi jina la filamu, wanasema tu "nipe yoyote yake". Kuna bibi alikuja na deki yake imefungwa kwenye kanga, akaomba aangalizie pale pale dukani kwa sababu kwake umeme umekatika. Nikamwekea kiti. Alikaa mpaka jioni analia na kuchekacheka.

Hakimiliki
Mkuu @Deki Mbovu, hizo CD zilikuwa halali au za kuchoma?

Deki Mbovu
Wewe ndiye TRA?

Hakimiliki
Nauliza tu. Maana watu walewale waliokuwa wanakodisha CD za kuchoma kwa mia tano ndio waliokuwa mstari wa mbele kwenye msiba. Msanii anakufa, familia inapitishiwa bakuli, na sisi tunaandika "pengo lake halitazibika".

Deki Mbovu
Sikiliza kaka. Bila vibanda umiza vya kuonyeshea video na maduka kama langu, nani wa Manzese angemjua huyo mtu? Kuna sinema gani iliyokuwa inaonyesha Bongo Muvi hapa mtaani? Mimi nilimtangaza bure.

Hakimiliki
Ulimtangaza bure, ukauza kwa hela.

Kokoto
Hahaha jamani, hapa ni matangani, gombaneni kwa sauti ya chini.

Mama Pacha
Mimi ni mmoja wa wale waliozimia viwanja vya Leaders, Kanumba alipoagwa. Ndiyo, ni mimi, chekeni tu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa shangazi Magomeni. Shangazi alishasema hakuna mtu wa nyumba yake kwenda kwenye msiba wa watu asiowajua. Jumanne ile, tarehe 10, nikamwambia naenda tuisheni, nikabeba na daftari kabisa. Tulitoka wawili, mimi na shoga yangu. Tulidhani tumewahi. Tunafika Kinondoni, barabara haipitiki, watu wako juu ya ukuta, juu ya miti, juu ya mabasi.

Tulipenya hadi ndani. Viongozi wamekaa, Makamu wa Rais Dk. Bilal yupo, ibada inaendelea lakini sisi huku nyuma hatusikii kitu, tunasikia tu spika ikikoroma. Ilipofika zamu ya kuaga, ndipo watu wa nyuma wakaanza kusukuma. Mbele yangu kulikuwa na baba mmoja mnene mwenye shati la kitenge. Uso wangu ulibanwa mgongoni kwake, navuta jasho lake pamoja na mafuta ya nazi. Mikono ilibaki juu, siwezi kuishusha. Kiatu kimoja kikavuka na sikuweza hata kuinama kukitazama. Shoga yangu namsikia ananiita ila simwoni.

Halafu ikatangazwa kuwa kuaga kunasitishwa, watu wamezidi, mwili unapelekwa makaburini. Hapo ndipo kilio kilipolipuka. Sijawahi kusikia sauti ile tena, watu wazima, wanaume, wanalia kama wameambiwa sasa hivi kwamba amekufa. Miguu ikaniishia nguvu.

Nimezinduka chini ya mti, dada wa Msalaba Mwekundu ananipepea kwa kipande cha boksi. Tumelazwa mstari mzima, wasichana watupu. Wa pembeni yangu akafumbua macho, akauliza, "Wameshamzika?" Akaambiwa bado. Akazimia tena. Kijana aliyenibeba alikuwa amechuchumaa hapo, kiatu changu kakipakata. Simu yangu haipo, daftari lipo.

Nimerudi nyumbani jioni najipanga na uongo wangu. Shangazi katulia tu, ananiandalia chakula. Saa mbili taarifa ya habari ikaanza. Nikajiona nimebebwa juujuu, kichwa kinaning'inia, mguu mmoja peku. Shangazi akaweka bakuli chini akasema, "Enhe. Hiyo ndiyo tuisheni ya somo gani?"

Kokoto
NIMECHEKA MPAKA BOSI KANIITA 😂😂😂

Mzaramo Halisi
Tuache utani, simu alichukua huyo huyo mbebaji.

Soprano wa Pili
Dada, kijana wa kiatu ndiye baba wa mapacha? Tunaomba jibu kabla hatujaendelea.

Kokoto
Uzi wa marehemu umegeuka wa ndoa.

Mwana Tanga
Naomba turudi kwenye mada. Mimi ni wa Muheza. Sharo Milionea alipata ajali usiku wa 26 Novemba 2012 akiwa njiani kuja nyumbani, kwetu huku huku. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kuna watu walifika pale kabla ya msaada, wakamchukulia vitu vyake. Mtu aliyewachekesha! "Oooh mama" mtaa mzima walikuwa wanaiga, watoto wanavaa suruali za kubana na kutembea kama yeye, halafu usiku mnamsachi maiti. Siku ya maziko wazee walisema maneno mazito kuhusu hao watu. Sitayarudia hapa.

Mzaramo Halisi
Tanga mnajijua.

Mwana Tanga
Chunga mdomo. Tanga imetoa Sharo, imetoa King Majuto. Mzaramo umetoa nini, vigodoro?

Mzaramo Halisi
Nimekutania tu mtani wangu, pole. Majuto mimi nilimlilia kuliko ndugu yangu. Ilikuwa Nane Nane, 2018, tuko kwenye maonyesho, mtangazaji wa jukwaani akakata muziki. Mwaka ule alishapelekwa India akarudi, tukajua mzee kapona. Kumbe wapi.

Hakimiliki
Na ndiyo ninachosema. Mzee kaigiza tangu sisi hatujazaliwa, sura yake iko kwenye mabango, kuumwa kwake ni michango. Ilibidi mpaka Waziri Mwakyembe aunde kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee Small naye kiharusi kilimlaza mpaka Juni 2014. Sajuki hivyo hivyo, alichangiwa aende India, akafariki Muhimbili Januari 2013. Mwaka mmoja kabla yake, Mzee Kipara. Haya yote siyo bahati mbaya.

Nesi Mstaafu
Wanangu, shikamooni wote mlionizidi. Ushauri wangu kwa wasanii wanaosoma hapa: bima ya afya kwanza, gari baadaye.

Kokoto
Marahaba bibi. Lakini bila gari hupati shoo, bila shoo hupati hela ya bima.

Mzaramo Halisi
Wasanii waoe mapema, mke ndiye bima.

Soprano wa Pili
Nani kasema? Wake wenyewe wanabaki kuuguza na kudaiwa. Waandike mikataba mbele ya wakili, basi.

Deki Mbovu
Au wafungue duka la CD 😅

Nairobi Mitaani
Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ninyi mna Kanumba, sisi tuna Mzee Ojwang. Nimekua nikimwona kwenye kipindi cha Vitimbi, ile suruali pana, ndevu zimepakwa rangi nyeupe, na Mama Kayai akimkaripia. Alipoaga tarehe 12 Julai 2015, baba yangu ambaye huwa hasemi mengi alizima TV, akakaa gizani sebuleni. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Huyo ndiye alikuwa ananichekesha nikitoka kazini." Mzee hadi macho yalimsumbua, na wananchi ndio walichanga. Sasa mkidhani ni shida ya Bongo pekee mnajidanganya.

Papa Shirandula naye, 2020. Jumamosi amefariki, Jumatatu asubuhi tayari kazikwa kule Busia, masharti ya korona. Tulitazama kwa simu, wazikaji wamevaa yale mavazi meupe. Mtu aliyeigiza soja, yaani mlinzi wa geti, anayemficha mkewe kazi yake, Kenya nzima ilimjua, na hatukupata hata nafasi ya kumfanyia matanga ya heshima.

Kokoto
Ojwang alikuwa baba wa wote, hilo halina ubishi.

Mzaramo Halisi
Ubishi upo. Mzee Small na Bi Chau je?

Nairobi Mitaani
Ndugu yangu, hii si Simba na Yanga.

Binti Kivu
Mimi niko Bukavu. Filamu za Kanumba ndizo zilizonifunza Kiswahili cha Tanzania, kile chenu chenye "jamani" nyingi. Habari ilipotufikia mama zetu sokoni walifunga meza, wakakaa kwenye redio. Hawajawahi kukanyaga Dar, lakini walilia kama ni mtoto wa jirani.

Mdau wa Seti
Mimi nimefanya kazi ya kubeba taa, kwa hiyo mwezi wangu mbaya ni Mei 2014. Tarehe 17 akaondoka Adam Kuambiana. Hatujamaliza kukunja maturubai, akaondoka mwigizaji Recho, kwa uzazi. Mwisho wa mwezi huo huo George Tyson, ajali ya Gairo, wakitokea Dodoma. Juni haijaisha wiki, Mzee Small. Ilifika mahali simu ikiita asubuhi sana naiangalia tu. Tulikuwa tunakutana Leaders na makaburini kuliko lokesheni. Suruali yangu nyeusi ilichakaa magotini.

Kuambiana watu wanamkumbuka kwa uigizaji, lakini alikuwa mwongozaji pia. Tyson ni Mkenya aliyekuja kutufundisha kazi, na vijana wengi hata jina lake hawalijui.

Mtoto wa Uswazi
Asante sana mkuu. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Jicho la Tatu
Mbona hakuna anayezungumzia usiku wenyewe wa Kanumba na yule binti aliyeshtakiwa? Mnaogopa?

Nesi Mstaafu
Mahakama Kuu iliamua Novemba 2017, kuua bila kukusudia, kifungo miaka miwili. Amekitumikia, yamekwisha. Usituletee.

Jicho la Tatu
Nilikuwa nauliza tu.

Soprano wa Pili
Kila mkorofi "anauliza tu". Mimi ninachokumbuka ni jinsi tulivyomcheka alipoalikwa kwenye kipindi cha Big Brother 2009, Kiingereza chake kikawa kichekesho cha nchi nzima. Miaka mitatu baadaye tunazimia Leaders.

Kokoto
Hapo umepiga kwenye mshono. Ila wapo ambao hawakucheka.

Hakimiliki
Wachache. Nilikuwepo.

Nesi Mstaafu
Kwa mnaopenda kwenda misiba mikubwa: kunyweni chai kabla ya kutoka, msibebe watoto, simu mfunge ndani ya kanga.

Mzaramo Halisi
Au baki nyumbani uangalie kwenye TV, uwaone akina Mama Pacha wakibebwa.

Mama Pacha
Nimewaona. Haya, kwa waliouliza: hapana, hakunioa. Alinivalisha kiatu, akaniomba nauli ya Mbagala. Nikamwambia simu na hela vimeibwa. Akaniangalia, akamgeukia yule aliyezimia mara ya pili.

Kokoto
Kwa hiyo yule ndiye aliyeolewa?

Soprano wa Pili
Yule dada kama yumo humu ajitokeze.