Naomba ushauri: nazindua riwaya yenye mtoto wa usonji

Hamjambo wapenzi wa vitabu. Mwanangu ana miaka 14 na ana usonji (autism). Kwa miaka sita, akishalala, nimekuwa nikiandika riwaya. Nimeiweka Nairobi ya Aprili 1954, askari wa kikoloni walipozingira jiji katika Operesheni Anvil na kuwakusanya maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mhusika wangu ni mama wa Pumwani mwenye mtoto asiyesema wala kuitika jina lake. Askari anamwamuru asimame, naye hasimami. Woga huo naujua: mwanangu aliwahi kunipotea sokoni Gikomba, watu wakamshika wakidhani ni mwizi kwa kuwa hakuwajibu.

Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alikuwa ameshaeleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, kupitia watoto 11, lakini mama wa Pumwani angejulia wapi? Kwa hiyo neno usonji halimo kitabuni. Niliweke kwenye jalada?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Nataka kuzindua tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, watoto wetu wakiwepo. Ila uzinduzi tuliouzoea ni vipaza sauti, vigelegele na hotuba ndefu, na mwanangu huziba masikio akalia. Nafikiria Maktaba ya Kaloleni, asubuhi, watu wachache, kona tulivu ya kupumzikia, na tupunge mikono badala ya kupiga makofi. Waliowahi kuandaa shughuli kama hii, mlifanyaje?

Na je, nimtaje mwanangu mbele ya watu? Baba yake hataki. Mimi niko njia panda.