Projekti ya mwaka wa mwisho: mada yangu ni muda, naambiwa ni pana mno. Mnapunguzaje wazo?

Binti_Rangi

Habari zenu wakuu, naomba ushauri kwa waliokwisha pita njia hii. Nasoma sanaa, niko mwaka wa mwisho upande wa uchoraji, na sasa ndo tumeanza ile projekti kubwa ya kumalizia, unachagua mada mwenyewe, unaifanyia kazi miezi kadhaa, halafu mwisho unaonyesha kazi pamoja na daftari la michoro ili waone umefikaje hapo. Mimi nimechagua muda. Nimekuwa nikiuwaza tangu zamani, jinsi unavyopita bila kuuona halafu siku moja unaangalia picha ya mama yako ya ujanani unagundua kumbe hapo alikuwa na umri uleule ulio nao wewe leo. Hiyo kitu inanishika sana.

Tatizo kila nikikaa mbele ya karatasi kinachotoka ni saa ya ukutani, mshumaa unaokwisha, uso nusu kijana nusu mzee, majani makavu. Nikimpelekea mwalimu anayenisimamia ananiambia bado pana mno, ipunguze. Wenzangu kwenye kritiki (kile kikao cha kujadili kazi zetu darasani) wanasema nachora vizuri ila kazi haiwaambii kitu, na hilo linaniuma zaidi kuliko wangesema mchoro mbaya. Nimesoma sana, nimeandika kurasa na kurasa, falsafa, kumbukumbu, mpaka sayansi nimegusa, na kadri ninavyosoma ndivyo mkono unavyozidi kuwa mzito.

Kwa hiyo nauliza, wazo kubwa mnalipunguzaje mpaka linakuwa kazi ya kuchorwa? Na je, nimalize kwanza konsepti kwenye maandishi au nianze tu kuchora? Napenda mkaa na akriliki, na video nimewahi kujaribu kidogo.

Mwalimu_wa_Mstari

Karibu binti, swali zuri. Nafundisha uchoraji na mada kama muda, kumbukumbu, upweke na utambulisho nazipokea karibu kila darasa, na nyingi zinakwama palepale ulipokwama wewe, mwanafunzi anatafuta kitu cha kusimama badala ya wazo. Mshumaa ni muda, jani kavu ni muda. Mtazamaji anausoma huo mchoro kwa sekunde moja, akishajua "aha, muda" anaenda zake kwa sababu hujambakishia kazi yoyote ya kufanya. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walipanga mezani fuvu, mshumaa na saa ya mchanga na watu wao walizipokea kwa uzito, maana walizisoma pamoja na imani yao. Leo alama hizo zimetumika mpaka zimechakaa.

Hebu angalia watu watatu walioufanyia kazi muda huohuo unaousema wewe. On Kawara, Mjapani aliyeishi New York, alianza tarehe 4 Januari 1966 kuchora tarehe ya siku husika, herufi na namba nyeupe kwenye rangi moja basi, na kama kanvasi haijaisha kufikia saa sita usiku anaiharibu. Aliendelea hivyo kwa miongo kadhaa. Roman Opałka wa Poland mwaka 1965 alianza kuandika namba kwa brashi kuanzia 1, kanvasi ikijaa anahamia nyingine na kuendelea alipoishia, na kuanzia 1972 kila kanvasi mpya aliongeza asilimia moja ya weupe kwenye rangi ya nyuma, yaani namba nyeupe zikawa zinamezwa taratibu na weupe mwenzake. Alipofariki 2011 alikuwa amevuka milioni tano na nusu. Wa tatu ni Tehching Hsieh, huyu alitumia saa kweli lakini siyo ya kuchora, kuanzia Aprili 1980 kwa mwaka mzima alipiga kadi kwenye mashine ya mahudhurio ya wafanyakazi kila baada ya saa moja, usiku na mchana, na kila akipiga anajipiga picha fremu moja. Alinyoa kichwa siku ya kwanza ili nywele zenyewe zionyeshe. Ukiziweka zile fremu kwenye filamu, mwaka mzima unapita kwa dakika kama sita hivi.

Hawa watu walijiwekea sharti. Sharti unaweza kulisema kwa sentensi moja, na ukiamka asubuhi mkono unajua ufanye nini hata kama kichwa hakijui. Jiulize utafanya kitendo gani, kwa kifaa gani, na utaacha lini. Ukishajibu hayo matatu msimamizi wako hatakuambia tena ni pana.

daftari_jeusi

Mwalimu shikamoo, nakubali kuhusu sharti ila naomba niongezee, maana nimemaliza juzi juzi tu hii projekti na niliona wenzangu kadhaa wakijipa sharti kwa sababu tu linaonekana la kisasa, kuchora kitu kilekile kila siku, kupiga picha kila siku, na mwisho unaona kazi kavu kabisa, nidhamu ipo lakini mtu mwenyewe hayumo. Sharti bila kitu kinachokuuma ni zoezi tu.

Dada, soma tena ulichoandika. Umetaja falsafa na sayansi na mshumaa, halafu katikati ya sentensi ndefu umedondosha picha ya mama yako akiwa na umri wako. Mbona hapo ndo penyewe! Hilo ni wazo lililokwisha punguzwa tayari, lina mtu, lina picha, lina umri, wewe umelipita ukaenda kutafuta majani makavu. Ningekuwa wewe vitabu vyote ningevifunga kwa sasa, nachukua hiyo picha naichora ndogo ndogo, saizi ya kiganja, nyingi kwenye ukurasa mmoja, bila kutafuta uzuri. Moja mstari tu, moja vivuli tu, moja unachora nafasi iliyomzunguka bila kumgusa yeye, moja kwa mkono usioutumia. Hutaki mchoro mzuri hapo, unataka kujua ni sehemu gani ya ile picha unairudia rudia bila kujijua.

Kuhusu konsepti kwanza au kuchora kwanza, mimi nasema chora, halafu andika siku hiyohiyo mistari miwili mitatu, nimefanya nini na kimetokea nini ambacho sikutegemea. Basi. Hayo maandishi ndo yatakuja kuwa maelezo ya kazi yako mwishoni, na yatakuwa ya kweli kwa sababu yametoka kwenye kazi. Picasso alipewa kazi ya banda la Uhispania kwenye maonyesho ya Paris mnamo Januari 1937 akakaa miezi bila kupata mada aliyoridhika nayo, alikuwa anachezea wazo la msanii na modeli wake, mpaka mji wa Guernica huko Uhispania ulipopigwa mabomu tarehe 26 Aprili. Michoro ya kwanza ni ya tarehe 1 Mei na mwanzoni mwa Juni ule mchoro mkubwa unaoitwa Guernica ulikuwa tayari. Na hata kwenye kanvasi yenyewe aliendelea kubadilisha, mpiga picha Dora Maar, mpenzi wake, alikuwa anapiga picha hatua kwa hatua na kwenye zile za mwanzo unaona mkono ulioinuliwa na ngumi ambao baadaye aliuondoa kabisa. Kwa hiyo na wewe piga picha kila hatua, hata ile unayoichukia, simu inatosha.

Jambo lingine, kwenye kritiki usiwaulize wenzako kama wamependa. Nyamaza, waambie waseme wanachokiona tu, kitu kwa kitu. Utashangaa.

Fremu_kwa_Fremu

Nimeona mkaa, nimeona video, nimeona mada ya muda, nimeshindwa kupita bila kuandika. Binti_Rangi, mtafute William Kentridge wa Afrika Kusini. Tangu 1989 anatengeneza filamu kwa namna hii, anachora kwa mkaa kwenye karatasi moja, anaenda kwenye kamera anapiga fremu, anarudi anafuta kidogo na kuchora upya, anapiga tena, anarudi. Kwa hiyo tukio zima linaishi kwenye karatasi ileile. Na mkaa haufutiki ukaisha, unabaki ule ukungu wa kijivu, kila kitu kilichokuwepo kimeacha alama yake nyuma ya kilichopo sasa. Yaani kifaa chenyewe kinafanya kazi ya mada yako bila wewe kuchora saa hata moja.

Ukitaka kujaribu, mambo ya kiufundi ni haya. Tumia mkaa wa vijiti vya matawi, ule laini, maana ule wa kushindiliwa ni mweusi sana na ukishaingia kwenye karatasi hautoki. Karatasi iwe nzito, ya pamba ukiipata, nyembamba itachubuka na kutoboka ukiifuta mara nyingi sehemu moja. Ufutio wa kukanda, ule unaokuwa kama donge la unga, ndo mzuri kwa sababu unanyanyua mkaa bila kuisugua karatasi, na kitambaa kikavu kwa sehemu kubwa. Karatasi ibandikwe ukutani isisogee hata kidogo, kamera kwenye tripodi, na tafadhali sana usitegemee mwanga wa dirishani kwani jua linahama na wingu linapita, filamu itakuwa inawakawaka. Funga mapazia, weka taa mbili za pembeni, halafu kamera iweke mipangilio ya mkono, mwanga na rangi na fokasi vyote vifungwe, otomatiki itakuharibia.

Na jipange kwa hesabu. Kwa fremu 12 kwa sekunde, dakika moja ni picha 720. Usiahidi dakika tano, sekunde thelathini zilizotulia zinatosha kabisa kumfanya mtu asimame.

Binti_Rangi

Jamani asanteni mno, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Shikamoo Mwalimu. Nimechukua muda kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza.

Nilianza na ile ya daftari_jeusi, ile picha ya mama ndogo ndogo. Kitu nilichokigundua ni kwamba naurudia mkono wake. Kwenye picha ameshika mkanda wa pochi begani, vidole vimekaza kidogo, kama mtu aliyeambiwa asimame apigwe picha na ana haraka ya kwenda mahali. Uso nilikuwa nauchora haraka nakimbilia mkono. Halafu nikabandika karatasi kubwa nikauchora ule mkono kwa mkaa, nikaufuta, nikachora wangu juu yake ukiwa umeshika mkanda huohuo, nikafuta tena nikarudi kwa wa mama. Baada ya kurudia hivyo mara nyingi vidole vimeanza kuchanganyikana, kuna kivuli cha kidole ambacho sijui tena ni cha nani. Nilikaa chini nikaangalia tu. Kwenye kritiki sikusema kitu, mmoja akasema anaona mtu anayeshikilia asiachwe, mwingine akasema anaona watu wawili wanagombania begi. Hakuna aliyetaja muda lakini walizungumza muda mrefu, na mimi niliandika kila kitu.

Sasa nina mambo mawili. Moja, nionyeshe filamu au karatasi ya mwisho, maana karatasi yenyewe imekuwa na uzito wake. Pili, mama hajui kama namtumia, hii inanisumbua kidogo.

daftari_jeusi

Karatasi! Mimi naona filamu itawaeleza kila kitu, mkono huu ukawa ule, wakaelewa, wakapita. Karatasi peke yake inamlazimisha mtu asogee atafute.

Fremu_kwa_Fremu

Hapo tunatofautiana mkuu. Karatasi inaonyesha mwisho wa safari tu, na mabadiliko yenyewe ndo kiini cha hii kazi, bila filamu mtu ataona mchoro uliochafuka kiustadi. Ila siyo lazima uchague moja, weka karatasi ukutani na filamu kwenye skrini ndogo isiyo karibu nayo, mtu akutane na karatasi kwanza, asumbuke nayo, ndipo afike kwenye filamu. Mpangilio wa chumba nao ni sehemu ya kazi, wengi wanaukumbuka dakika za mwisho.

Mwalimu_wa_Mstari

Marahaba binti, umefanya kazi. Ule mkono ndio mada yako, na ukiulizwa na msimamizi mwambie hivyo tu: mkono wa mama na mkono wangu, umri mmoja, karatasi moja.

Kuhusu mama, mwambie mapema, na umwonyeshe michoro midogo kabla ya ile mikubwa. Ni picha yake na ni maisha yake, ana haki ya kusema hapana kwa jambo lolote litakaloonyeshwa hadharani. Na muulize alikuwa anaenda wapi siku ile. Jibu usilichore wala usiliandike kwenye maelezo ya kazi, lakini litabadilisha unavyokaza vile vidole.

Bado hujasema utaacha lini. Amua leo kabla hujaipenda karatasi sana.

Binti_Rangi

Nimeamua, naacha karatasi itakapotoboka. Ni nzito kwa hiyo sijui itachukua muda gani, ila nimeshaona pale kwenye kiungo cha kidole gumba imeanza kulainika. Mama nitaongea naye wikiendi hii. Fremu, swali la mwisho, ile dawa ya kupuliza ya kugandisha mkaa niitumie kila baada ya hatua au?

Fremu_kwa_Fremu

Hapana usipulizie kabisa wakati kazi inaendelea, ukishagandisha mkaa hautafutika vizuri na safu hazitachanganyikana. Puliza mwisho tu, ukiwa umeshapiga fremu zote, sehemu yenye hewa, safu nyembamba mbili tatu ukisubiri kila moja ikauke. Na kwa kuwa unasubiri itoboke, bandika karatasi nyingine nyeusi nyuma yake sasa hivi, ili tundu likitokea kamera ione kina na siyo ukuta mweupe.

Binti_Rangi

Nyeusi nyuma, nimeelewa. Naenda kuibandika kabla sijaendelea.