Kitabu changu cha animesheni ya 3D ni cha Blender ya zamani, nikimalize au nikiache?

rangi_za_ziwa

Habari za muda huu wakuu. Niko Mwanza, najifunza animesheni ya 3D mwenyewe nyumbani, mwalimu sina, nina kitabu kimoja tu cha wanaoanza nilichonunua mtumba, ni kinene na kina picha nyingi kinaeleza vizuri kweli ila kimeandikwa kwa Blender 2.6 (Blender ni ile programu ya kutengeneza 3D). Mimi kwenye laptopu nimeweka 3.6 (nilitaka zile za 4 zikagoma kufunguka, inaniambia kadi ya picha haina OpenGL inayotakiwa). Sasa karibu kila ukurasa mambo hayalingani. Kitabu kinasema klik kulia kuchagua kitu, mimi nikiklik kulia inatoka menyu. Kinasema Alt+A kucheza animesheni, nikibonyeza hakuna kinachocheza ila kile nilichochagua kinaachiwa. Kinasema Ctrl+N kunyoosha nomali (upande ambao kila uso wa umbo unatazama), mimi naletewa menyu ya kufungua faili jipya!! Halafu kuna sura nzima ya Blender Internal ambayo kwangu kwenye injini za kurenda (zinazogeuza kazi ya 3D kuwa picha) haipo kabisa.

Nimefika sura ya mpira unaodunda. Kiifremu (alama ya kitu kinapokuwa kwenye fremu fulani) juu, kiifremu chini, kiifremu juu, nimefuata hatua zote lakini mpira ukikaribia sakafu unapunguza mwendo unatua polepole kama unaogopa kuumia ndo unapanda tena. Hauna uzito kabisa.

Niendelee na hiki kitabu au nihamie video za YouTube? Bando ndo linaniua, video moja ya saa nzima inaondoka na GB. Laptopu ni i5 ya zamani RAM 4.

kijana wa Kisauni

Kaka kitabu hicho kipe buriani. 2.80 ilipotoka Julai 2019 walipindua kila kitu, vitufe, menyu, injini, sasa wewe wajisumbua kutafsiri kila ukurasa wa nini? Kama shida ni bando, manuali ya Blender yenyewe ipo bure kwenye tovuti yao, waishusha mara moja ikiwa zipu, wasoma bila intaneti mpaka uchoke. Na kusema kweli kama wataka kazi baadaye jifunze Maya, programu ya 3D ya kulipia, Blender ni ya kuchezea.

Mama Poligoni

Kisauni mdogo wangu hapo kwenye manuali umesaidia, kwenye mengine nakupinga. Hiyo ya "kuchezea" imetengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya animesheni 2025, yote Blender. Tuiache hiyo.

Manuali inakuambia kitufe kipo wapi. Haikuambii kwa nini ukibonyeze, wala kipi kitangulie kipi kifuate, inadhani unajua tayari unachotafuta. Kitabu cha wanaoanza kina watu wawili ndani yake, mmoja anakufundisha vitufe na huyo kashazeeka, mwingine anakufundisha 3D yenyewe na huyo hazeeki. Umbo ni nukta, kingo na nyuso, hata lile birika la chai maarufu kwenye 3D ambalo Martin Newell alilitengeneza pale Chuo Kikuu cha Utah 1975 akilielezea kwa mikunjo, leo ukilifungua kwenye programu yoyote linageuzwa nyuso vilevile. Mhimili wa dunia na mhimili wa kitu chenyewe, nomali, taa tatu, kiifremu, mfupa wa mzazi na mfupa wa mtoto, hakuna toleo lililovifuta hivi.

Kwa hiyo rangi_za_ziwa usikitupe. Chukua penseli uandike pembeni ya kurasa. Kuchagua ni klik kushoto siku hizi (ukitaka ya kulia bado ipo kwenye Preferences upande wa Keymap, ila mi sikushauri, utakuja kukaa kwenye komputa ya mtu uanze kuhangaika). Kucheza animesheni ni spesi. Spesi ya kitabu chako ilikuwa kutafuta amri, hiyo sasa ni F3. Nomali ni Shift+N ukiwa ndani ya Edit Mode na umechagua nyuso zote. Kitabu kikisema "Lamp" soma Light. Zile leya 20 za vimiraba zimekufa, kuna Collections (makundi ya vitu), na bora zaidi maana unazipa majina. G, R, S, E, Tab, F12 ni zilezile na hizo ndo utazibonyeza asubuhi mpaka usiku.

Sura ya Blender Internal soma ile sehemu ya taa inapokaa na kivuli kinavyoangukia, mipangilio ya materiali ruka yote. Walikuwa na diffuse (rangi ya kitu) huku specular (mng'ao) kule, sasa kuna materiali moja, Principled BSDF, ambayo unacheza zaidi na rangi, Roughness (ukwaruzo) na Metallic (umetali).

Na kuna jambo moja vitabu vingi vinalisema kwa mstari mmoja tu wakati lilitakiwa liwe na sura yake. Ukikuza au kuvuta kitu kwa S ukiwa Object Mode, Blender haibadilishi umbo, inaandika tu pembeni kwamba hiki kimevutwa mara kadhaa. Ukija kuweka beveli (kukata makali ya kingo) inatoka upande mmoja nene mwingine nyembamba, ukija kuweka mifupa inapinda ajabu ajabu, mtu anadhani programu ina kichaa. Bonyeza Ctrl+A uchague Scale kabla ya kuendelea. Wanafunzi wangu wote hilo huwa wanalipata kwa machozi.

jua_kali_studio

mbona hamjamwambia aweke 2.79? zote za zamani zipo kwenye tovuti yao bure, ina Blender Internal, ina klik kulia, Alt+A inacheza, na kwa RAM 4 itakimbia kuliko hiyo 3.6. anamaliza kitabu kwa amani ndo anahama

Mama Poligoni

Inawezekana, sikatai, na kwa laptopu yake ni hoja. Ila vidole vikishazoea vitufe vya zamani kuvizoesha upya ni kazi, na msaada wote anaoukuta mtandaoni leo ni wa 2.80 kwenda juu. Mi ningeweka 2.79 pembeni ya kuchungulia tu, kitabu kikisema kitu ambacho huoni kinafananaje.

fremu24

Naona mpira wa watu umesahaulika 😂 ngoja mi nijibu hilo.

Mkuu umefuata kitabu sawasawa, ila Blender ukiiwekea viifremu viwili katikati inajaza yenyewe kwa mkunjo wa Bezier, yani inaanza taratibu, inakolea, inamaliza taratibu. Kwa mlango unaofunguka ni safi kabisa. Kwa mpira sivyo, mpira hauna breki, unagusa sakafu ukiwa kwenye kasi kubwa kuliko wakati wowote halafu papo hapo unageuka. Juu kabisa ndo unatakiwa upoe. Kwa hiyo fungua Graph Editor (dirisha la mistari ya mwendo), tafuta mstari wa Z Location (juu na chini), chagua nukta za chini TU, bonyeza V uchague Vector. Nukta za juu ziache na mkunjo wake. Ukiutazama huo mstari juu uwe kama kilima, chini uwe na ncha kali ya V. Cheza tena utaona.

Pili ni muda, na hapa ndo wengi wanaumia bila kujua. Kitu kikidondoka mita 1 kinatumia sekunde 0.45, kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 11 hivi. Mita 2 ni fremu 15. Mita 10 ni fremu 34. Sasa ile UV Sphere (tufe) ya Blender inakuja na upana wa mita 2, huo siyo mpira ni tanki la maji, na mtu anauinua juu mita 10 halafu anaushusha kwa fremu 10, lazima ionekane kitu kidogo cha plastiki kinarukaruka. Ama punguza mpira uwe wa sentimita 22 kama wa miguu, ama ongeza fremu. Angalia na katikati, nusu ya muda mpira unakuwa umeshuka robo tu ya njia, robo tatu zilizobaki zinaliwa na nusu ya pili.

Midundo inayofuata usipunguze muda kwa kubahatisha. Urefu ukipungua nusu, muda unabaki kama asilimia 70, siyo nusu.

Mwisho kabisa ndo uanze kuubonyeza na kuuvuta mpira, ile ya kwanza kwenye kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney waliziandika 1981. Ukiuponda Z ikawa 0.8, X na Y zipeleke 1.12, vinginevyo mpira unapungua ujazo na jicho la mtazamaji linashtuka hata kama hajui limeshtushwa na nini.

rangi_za_ziwa

Aisee fremu24!!! Nimebadilisha tu zile nukta za chini kuwa Vector mpira umepata uzito palepale, na kweli wangu ulikuwa wa mita 2 😅 Dada Mama Poligoni shikamoo, penseli nimeshachukua, zile za Ctrl+A nimeziandika kwenye jalada kabisa. 2.79 nitaweka ya kuchungulia.

Swali lingine kabla sijawaachia, kitabu kinasema nitoe moja kwa moja video ya AVI. Huku kwetu umeme ukiamua kukatika hauagi na betri ya laptopu yangu ilishakufa. Nikirenda usiku kucha si itakuwa balaa?

fremu24

Usitoe video kabisa, toa picha za PNG, kila fremu faili lake. Piga hesabu, sekunde 10 ni fremu 240, fremu moja ikichukua dakika 2 hizo ni saa 8. Ukiwa unaandika video umeme ukaenda saa ya saba, faili mara nyingi halifunguki tena. Ukiwa na PNG zile zilizokwisha tayari zipo kwenye diski. Pale Output toa tiki kwenye Overwrite, umeme ukirudi bonyeza tena Ctrl+F12 itaruka zilizopo na kuendelea na zilizobaki. Ila ile fremu ya mwisho iliyokuwa inaandikwa umeme unakatika ifute kwanza, huwa inabaki nusu na Blender itadhani imekamilika.

Na tumia Eevee (injini ya kurenda ya haraka) siyo Cycles (iliyo nzito) kwa mashine hiyo. Hata hiyo Flow aliyoitaja Mama Poligoni walirendea Eevee.

kijana wa Kisauni

Haya ya PNG nakubali mia kwa mia, hata studio kubwa hawarendi video moja kwa moja. Kuziunganisha ingia Video Editing, Add, Image/Sequence, bonyeza A kuchagua picha zote kwenye folda, hakikisha ni fremu 24, kisha Output weka FFmpeg na MPEG-4 ndipo urende. Hiyo haimalizi hata dakika kadhaa. Na ukitaka kuweka sauti ya mdundo iweke hapohapo, usisubiri programu nyingine.