Fable mpya au Witcher 4: uchawi upi, dhambi zipi, na tutaipataje hapa Dar?

mzee_wa_padi (Sinza)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo maana mimi ni mtu wa kununua gemu moja kubwa halafu nakaa nayo mwaka mzima, hela ya kufukuzia kila kinachotoka sina. Kuna mbili naziwinda. Ya kwanza Fable mpya ya Playground Games, wale Waingereza wa magari ya Forza Horizon, waliitangaza toka 2020 ila Januari 2026 ndo wakaionyesha kwa kina, wakasema inatoka vuli 2026 kwa Xbox, PC na PS5 pia. Ya pili Witcher 4 ya CD Projekt Red wa Poland, trela ilitoka Desemba 2024 na wenyewe walishasema kabla ya 2027 tusiihesabu.

Nataka tulinganishe vitu vitatu tu: uchawi ulivyo, mambo ya wema na ubaya, na namna ya kuipata bila kupigwa. Grafiki tuachane nazo, zote zitakuwa kali. Mi mwenyewe naegemea Fable kwa sababu ya utoto, ila sitaki utoto unichagulie.

binti_tegeta

Mkuu kwenye uchawi hizi gemu ni vitu viwili tofauti kabisa wala usizipime kwa mzani mmoja. Fable toka ile ya 2004 ya studio ya zamani ya Lionhead uchawi ni wa kila mtu, unaamua mwenyewe points zako unaweka kwenye nguvu, ustadi au huo uchawi wanaouita Will, na ukizidisha uchawi mwili unaanza kuchorwa mistari ya bluu inayong'aa, halafu kila ukipandisha levo unazeeka. Mimi nilimaliza na babu mwenye mvi ambaye kwenye stori hata makamo hajafika, nilicheka sana. Hii mpya wamesema utachanganya upanga, upinde na uchawi ndani ya pigano moja bila kusimama kubadilisha, hapo ndo naona watapatia.

Witcher uchawi wake umebanwa makusudi. Zile alama tano tu, Igni moto, Aard kusukuma, Quen ngao, Yrden mtego wa chini, Axii kuchezea akili ya mtu, basi. Ule uchawi mkubwa wanao wachawi wenyewe, we witcher, yaani muuaji wa mazimwi, umeachiwa makombo. Sasa safari hii tunacheza Ciri, yule binti aliyelelewa na Geralt shujaa wa zile za kwanza, na Ciri kwenye Witcher 3 alikuwa anapotea hapa anatokea kule kama upepo, ana damu ya wazee, ukoo wenye nguvu za kuzaliwa nazo. Ndo swali langu kubwa hilo, watampunguza vipi mtu mwenye nguvu zile mpaka aanze kuhangaika na mbwa mwitu levo ya kwanza? Kwenye trela anatumia mnyororo na dawa za kunywa, kashapitia ile mitihani ya kuwa witcher. Wasipoeleza vizuri zile nguvu zingine zimeenda wapi mi nitanuna.

kuku_wa_bowerstone

Nakazia kwa dada hapo juu. Ila uzi huu nilikuja kwa ajili ya wema na ubaya bhana.

Fable ya zamani ilikuwa na mzani wa kitoto kabisa, ukiwa mbaya unaota pembe na nzi wanakuzunguka, ukiwa mwema una duara la mwanga kichwani na vipepeo. Na wema wenyewe unanunuliwa! Umechinja kijiji kizima unaenda kwenye hekalu la Avo unamwaga sadaka, dhambi zinapungua palepale. Wa upande wa pili, Skorm, yeye anataka kafara ya mtu, unamchukua mwenzako anayekuamini unampeleka usiku wa manane unapewa upinde mkali kuliko wote. Mi yule jamaa niliyempeleka bado namkumbuka, alikuwa ananifuata tu anaongea stori zake.

Hii mpya wameua mzani wote, hakuna pembe. Walivyoeleza ni kwamba unahesabiwa kwa kile watu WALICHOKIONA. Ukimpiga kuku teke porini hakuna mtu, hakuna kilichotokea. Ukimpiga sokoni kuna mama kakuona, jina linaanza, na ukiendelea linakukaa. Halafu ukienda mji mwingine hawakujui, unaanza upya, na kila mtu ana maoni yake, kuna atakayekuchukia kwa kitu hichohicho ambacho mwenzake anakusifia. Yaani ni uswahilini kabisa, kosa siyo kufanya, kosa ni mama wa chapati kukuona.

Mimi hii naipenda kuliko pembe. Inakuuliza ukiwa peke yako wewe ni nani, wakati mzani wa zamani ulikuwa unajua kila kitu.

MtuWaMbezi

Na yule mbwa anayekufuata kwenye Fable 2 na 3, hii mpya wameshasema hayupo. Kwangu mimi basi tena.

dr_igni

Samahani wakuu ila mnaongelea wema na ubaya bila kugusa kilima cha ule mti kwenye Witcher 3 jamani? Ngoja niwakumbushe maana hapa ndo naona Witcher iko juu.

Unaambiwa kuna roho imefungwa ndani ya mti. Ukiiachia, watoto yatima waliokuwa wanaenda kuliwa na wale bibi watatu wa kinamasi wanaokolewa. Vizuri si ndiyo? Unaondoka kifua mbele. Baadaye sana ushafanya mambo mengine kibao unasikia kijiji cha Downwarren kimefyekwa, na mke wa Baroni mtawala wa eneo lile, aliyekuwa mtumishi wa hao bibi, adhabu imemwangukia yeye, anakufa, na Baroni mwenyewe unamkuta kajinyonga kwenye mti uani kwake. Ukiiua ile roho, watoto wanapotea, ila huyo mke wa Baroni anabaki hai na akili imemruka, mume anamchukua anampeleka mbali kumtafutia mponyaji. Sasa niambie jibu zuri ni lipi. Hakuna pembe, hakuna sauti ya kukwambia umepata wema kumi, na ukitaka kurudi sevu yako iko nyuma huko hata huioni tena.

Na trela ya Witcher 4 imeendelea palepale. Kijiji kinatoa binti kafara kwa zimwi, Ciri anaingia anamuua zimwi, anarudi anakuta binti kauawa na watu wake mwenyewe. Zimwi limekufa na kafara imetolewa vilevile. Nchi ambayo sisi tumeshasikia kwenye taarifa ya habari watu wanauawa kwa imani za kishirikina, ile trela haikunipita kama hadithi ya Wazungu. Mama yangu alipita sebuleni akaitazama mpaka mwisho amesimama na sinia mkononi, akasema huyo dada angewafunga na wazee wa kijiji. Akaondoka. Nikasema mama umemaliza kila kitu.

kuku_wa_bowerstone

@dr_igni kaka hapo umeongea, ila na Fable usiidharau hivyo. Fable 3 ya 2010 unakuwa mfalme, giza linakuja, unatakiwa hazina iwe na dhahabu milioni sita na nusu kuokoa raia. Uliwaahidi watu kituo cha yatima, sasa ukijenga kituo hela inatoka, ukigeuza jengo danguro hela inaingia. Wazo zuri kuliko yote kwenye hizi gemu mbili kama unaniuliza mimi.

Tatizo likaja utekelezaji. Sisi wajanja tulinunua nyumba zote za mji, tukapangisha, tukaacha konsoli inawaka kodi zinaingia, tukajaza hazina kwa hela zetu na kila ahadi tukatimiza. Mfalme mwema kwa sababu ni mwenye nyumba 😂 Na kalenda nayo ilikupiga chenga, ulikuwa unaambiwa zimebaki siku 121 unajipanga, unafungua macho vita imefika. Wangapi walipoteza raia wao kwa ile.

fundi_konsoli_kkoo

Wadau mnaota vizuri ila mtoa mada aliuliza na kuipata. Hapa ndo watu wanapigwa.

PS5: akaunti ya PlayStation nchi yetu haipo kwenye orodha yao, kusini mwa Sahara ipo Afrika Kusini. Watu wote mnaowaona mjini wana akaunti za Marekani, Uingereza na kwingineko, na kadi ya benki ya hapa kwa kawaida inakataliwa, kwa hiyo unanunua kadi za zawadi za nchi ile uliyojiandikisha. Ukichanganya nchi umeumia, kadi ya Uingereza haiingii akaunti ya Marekani. Huo mlango siyo wa uhakika na mfano tunao, Helldivers 2 mwezi Mei 2024 walipotaka kulazimisha akaunti ya PlayStation kwa watu wa PC, gemu ikatolewa sokoni Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC, kwenye nchi zaidi ya 170 na sisi tukiwemo. Ile sharti wakaiondoa baada ya kelele.

Game Pass, ile huduma ya Xbox ya kulipia kila mwezi unacheza gemu kibao: Fable itakuwemo siku ya kwanza, sawa, lakini huduma yenyewe haipo rasmi Tanzania, utaingia kwa ujanja wa nchi nyingine na siku wakibana huna wa kumlalamikia.

Steam: inafungua bila ujanja, bei kwa dola, kadi za kwenye simu mara nyingi zinapita. Ila toka Oktoba 2024 wenyewe wanakuandikia kabisa pale pa kulipia kwamba unachonunua ni leseni.

GOG, duka lingine la mtandaoni la gemu za PC: hapa ndo moyo wangu ulipo. Unashusha faili la kuinstoli, unaliweka kwenye hadi disiki yako, limeisha, hata intaneti usiwe nayo gemu linawaka. Witcher zote tatu zipo hivyo.

binti_tegeta

Kaka fundi na hapo kuna historia tamu. Hao CD Projekt kabla hawajatengeneza gemu hata moja walikuwa wauzaji, walianza 1994 kwa kuleta CD Poland, kipindi ambacho masoko ya Warsaw yamejaa kopi za wizi, Kariakoo ya DVD kabisa. 1999 wakaleta gemu ya Baldur's Gate wakaitafsiri Kipolandi yote na sauti za waigizaji wanaojulikana, ndani ya boksi wakaweka ramani na makorokoro mengine ambayo mwenye kopi ya mtaani hawezi kukupa. Watu wakanunua. Kwa hiyo GOG ya 2008 kutoweka kufuli ni mawazo yaleyale, mpe mteja kitu kizuri kuliko cha mwizi.

Upande wa Fable historia ni mbaya mjue. Fable 2 haijawahi kuja PC. Fable 3 ilikuja, wakaifunga kwenye ule mfumo wa Microsoft wa kuingia mtandaoni, Games for Windows Live, mfumo ukafa, gemu ikatolewa dukani, leo huinunui hata na hela unazo. Na Lionhead yenyewe ilifungwa 2016.

dogo_ubungo

Disiki je? Mi naona disiki ya PS5 ndo mchongo, unamaliza unauza, hela yako nusu inarudi

fundi_konsoli_kkoo

@dogo_ubungo sawa mdogo wangu, ila angalia PS5 unayouziwa ina mlango wa disiki, kuna zisizokuwa nao na watu wanakuja kwangu wameshika disiki hawana pa kuiingiza. Na disiki siku hizi bado inataka apdeti kubwa. Baldur's Gate 3 kwenye PC inataka nafasi ya GB 150, sasa fikiria hizo mbili zitakuwaje, bando la usiku halitoshi labda uwe na faiba au rafiki mwenye faiba.

mzee_wa_padi (Sinza)

Aisee asanteni, uzi umenoga. Nilivyosoma: uchawi Fable, kuchezea dhamiri Witcher, ingawa ile ya kuonekana na watu bado inanivuta sana. Kwenye kuipata nitaenda na PC. Fable nitachukua Steam ila nasubiri miezi kadhaa watu waicheze kwanza tuone kama kijiji kweli kinakumbuka ulichofanya au ni maneno ya trela, na bei ishuke. Witcher 4 naiwekea hela pembeni kuanzia sasa, ikija GOG bila kufuli nainunua siku hiyohiyo.

@fundi_konsoli_kkoo hadi disiki za TB 2 bei gani kwako?

fundi_konsoli_kkoo

Njoo PM mkuu, hapa wachuuzi wenzangu wanasoma.

MtuWaMbezi

Na mbwa jamani hakuna anayejali?