Land Rover Series III ya petroli imetoka ovahoo, presha ya oili inaanguka ikipata moto

mzee_wa_landi
Wakuu kwema? Nina Series III ya 1977, injini ya lita 2.25 petroli ile ya maini 3 (bearing kuu tatu zinazoshika kranki). Imetoka ovahoo juzi juzi, silinda zimechongwa, kranki imechongwa size ten (inchi 0.010 chini ya size ya kiwandani), bearing za maini na za bigi endi (za mikono ya pistoni) mpya, pistoni na ringi mpya. Asubuhi ikiwa baridi geji inasoma 55 psi mpaka raha, ila ikishatembea ikapata moto, kwenye sailensi (bila kukanyaga mafuta) inashuka mpaka 8 hivi na taa ya oili inaanza kupepesa, nikipiga resi mpaka mizunguko 2000 kwa dakika inapanda 22 inagota hapo. Oili ni 20W-50 mpya, haigongi wala haitoi moshi. Fundi anasema injini mpya hizo ni kawaida, itajiweka sawa yenyewe. Jamaa mwingine anasema shusha injini fungua yote. Nianzie wapi kabla sijaingia gharama upya?

spana_kumi_na_nne
Weka oili nzito zaidi mkuu, au ile dawa ya kuongeza presha, utaona geji inapanda.

fundi_wa_zamani
Geji itapanda ndiyo, lakini tatizo litakuwa palepale. Na hiyo ya "itajiweka sawa" usiikubali, zinazojikalisha ni ringi, presha ya oili kwenye injini iliyotoka ovahoo ndo inatakiwa iwe nzuri kuliko siku zote. Hiyo injini ikiwa ya moto kwenye 2000 inatakiwa 35 mpaka 65 psi, kwa hiyo 22 ni ndogo kweli. Ila usishushe kitu kwanza. Azima geji ya mrija (ile oili yenyewe inafika kwenye geji) uifunge pale ilipokaa swichi ya oili, hizi geji za umeme zinadanganya sana. Halafu vuta stiki ya oili uinuse, maana pampu ya petroli ya hiyo gari imefungwa ubavuni mwa injini, diaframu (utando wa ndani yake) ikipasuka petroli inamwagikia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi na level inapanda.

mzee_wa_landi
Nimefunga ya mrija. Ya moto sailensi 10, resi 2000 inasoma 24. Stiki hainuki petroli, level haijapanda. Pampu ya oili ni ileile ya zamani, fundi aliisafisha tu akarudisha.

kijana_wa_gereji
Hapo sasa umesema neno. Ona, kama relief valve (ya kuachia presha ikizidi) ingekuwa imekwama wazi kabisa hata ikiwa baridi usingeiona hiyo 55. Yako inashika oili ikiwa nzito, ikilainika inaanguka, maana yake oili inapenya mahali penye nafasi kubwa, na mahali pa kwanza ni hiyo pampu ya zamani. Shusha sampu tu, injini ibaki garini. Fungua kifuniko cha pampu, laza rula ya chuma juu ya gia upitishe fila (kibao chembamba cha kupimia nafasi), ikizidi 0.15 mm hapo imechoka. Toa na plagi ya relief uangalie springi na kiti chake, na ile ringi ya mpira ya chujio chini usiirudishe ya zamani, inavuta hewa. Ukiwa chini hapohapo fungua kepu moja ya maini uweke plastigeji (uzi wa plastiki unaobanwa kupima nafasi ya bearing), ikija 0.06 mm kushuka chini maini yako safi. Mwisho kabisa bushi za kamshafti (shafti inayofungua valvu), sijaona umezitaja kwenye vilivyobadilishwa na nyingi zinasahaulika, ila hizo ndo kazi ya kufungua injini kwa hiyo ziache kwanza.

mzee_wa_landi
Mrejesho. Nimeshusha sampu, fila ya 0.25 imepita juu ya gia bila kusukumwa, na kifuniko kina michirizi unaisikia kwa ukucha. Maini ya kati plastigeji 0.05. Nimeagiza pampu mpya na ringi ya chujio.

fundi_wa_zamani
Safi. Ikija ijaze oili kabla hujaifunga. Ukimaliza toa plagi za moto zote uzungushe starta mpaka geji ianze kupanda ndo uwashe, usiiwashe kavu ukaua hizo bearing mpya. Ikipata moto pima tena, ikibaki chini ya 35 kwenye 2000 ndo tuongee bushi za kamshafti.

mzee_wa_landi
Imefungwa wakuu. Ya moto kwenye 2000 inasoma 41, sailensi 18, taa haipepesi tena.

spana_kumi_na_nne
Pampu umepata wapi na bei gani? Ya kwangu nayo inapepesa.