Tuktuk yangu ya wizi ilisimamishwa na polisi, ikaachiliwa: magari ya doria Mombasa yatawekwa kompyuta lini?

Salaam aleikum wana Mombasa, na nyinyi wa Kwale na Kilifi pia, maana gari likiibwa kwetu hupitia kwenu.

Nataka mtu anieleze, bila kunizungusha, kwa nini askari aliye ndani ya gari la doria hana njia ya kujua kwamba gari lililo mbele yake limeibwa, ilhali mwenyewe nilisharipoti, nikapewa namba ya OB, lile daftari la matukio la kituo, na abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha ripoti, yenye muhuri. Swali hili nimeliuliza kaunta, nikaliuliza kwa mkubwa wa kaunta, na kila mmoja ananiambia "mzee, huo ndio mfumo." Mfumo gani huo?

Kisa chenyewe ni hiki. Tuktuk yangu iliibwa usiku, Mshomoroni, nje ya mlango wangu. Alfajiri nilikuwa kituoni. Askari wa kaunta aliniandikia vizuri, sina neno naye: namba ya gari, namba ya chasisi, rangi, hata maandishi yaliyo nyuma. Yote yakaingia kwenye lile daftari kubwa, kwa kalamu. Nikamuuliza, "Afande, na hawa walio barabarani watajua vipi?" Akanijibu, "Tutatangaza kwa redio mzee, wewe nenda nyumbani."

Asubuhi hiyo hiyo dereva mwenzangu wa steji alikuwa anapandisha barabara ya Malindi kwenda Mtwapa. Akaiona tuktuk yangu imewekwa kando, ubavuni mwa Land Cruiser ya polisi, kijana ameketi mbele. Akadhani nimempa mtu aniendeshee. Akapiga picha, akanitumia: "Kijana wako kashikwa." Mimi wakati huo nazunguka Kisauni na miguu, nauliza kila gereji. Nilipoifungua ile picha na kumpigia, akaniambia wameshamwachia, askari alitazama leseni, akatazama stika ya bima, akampa ishara aende.

Picha ninayo hadi leo. Askari amesimama, mkono ameuweka juu ya paa la tuktuk yangu. Ameishika mali ya wizi kwa mkono wake, na ripoti ya wizi iko ndani ya daftari, kwenye kituo kilicho mwendo mfupi tu wa gari kutoka pale. Huyo askari simlaumu. Angejuaje? Tangazo la redio hulisikia aliye kwenye zamu kwa dakika ile. Zamu ikibadilika asubuhi, tangazo nalo limekufa. Alichokuwa nacho ni macho yake, na leseni ya mwizi ilikuwa halali.

Ilikuja kupatikana baadaye sana, ndani ya yadi upande wa Kilifi, haina injini wala viti. Chama kikanikopesha, nikaitengeneza. Polisi wakanipa barua ya kunirudishia. Nikarudi kazini nikidhani yamekwisha.

Kumbe lile tangazo lilikuwa limefika mahali, limechelewa tu. Niko kisiwani, karibu na Mwembe Tayari, nimempakia mama na mtoto mgonjwa nampeleka hospitali, gari la doria likanisimamisha. Askari mmoja akasoma namba yangu kwenye redio. Jibu likarudi: hiyo ni ya wizi, ileteni. Yule mama akateremshwa juani na mtoto wake begani. Mimi nikatoa barua. Wakaitazama, wakaniambia barua kama hii mtu huichapisha popote. Usiku ule nililala seli, nimeshikwa kwa kuiba tuktuk yangu mwenyewe, na barua ya polisi wenyewe imo mfukoni. Asubuhi ndipo mtu alipopiga simu kile kituo cha kwanza, daftari likafunuliwa, nikaambiwa nenda. Hakuna aliyesema pole.

Siku ambayo habari ile ilihitajika barabarani, haikuwepo. Siku ambayo haikuwa kweli tena, ndiyo iliyonitia ndani. Wengine wataniambia ni bahati mbaya mara mbili. Siyo. Ni ugonjwa mmoja: ripoti inaandikwa mahali pamoja na gari la doria liko mahali pengine, na kati yao hakuna kitu isipokuwa redio na kumbukumbu ya mtu.

Na dawa yake haikubuniwa jana. Marekani, shirika la FBI lilifungua orodha yake ya kitaifa, NCIC, Januari 1967, na kati ya vitu vya kwanza kuingizwa yalikuwa magari yaliyoibwa, namba za magari zilizoibwa na watu wanaotafutwa. Baadaye polisi wao wakaanza kuwekewa kompyuta ndani ya magari. Askari anaandika namba, anapata jibu kabla hajafungua mlango wake. Hamsumbui mtu wa redio, hasubiri zamu, na haandiki "KTWB" mahali palipotajwa "KTWD" kwa sababu redio ilikuwa inakwaruza.

Sasa msiniambie Kenya haina uwezo. Mwaka 2014 serikali ilitia sahihi mkataba wa takriban shilingi bilioni 15 na Safaricom wa mfumo wa usalama wa Nairobi na Mombasa. Kamera 1,800. Vituo vya polisi 195 kuunganishwa na intaneti ya kasi. Mombasa tumo ndani ya mradi huo, kamera tunaziona juu ya milingoti. Tangu 2013 pia magari ya polisi yanakodishwa kwa mikataba, mapya yanakuja, ya zamani yanarudishwa. Hela zimetoka. Waya zimepita. Ni kile kipande cha mwisho, kutoka kituoni hadi ndani ya gari, ambacho mwananchi hakioni. Na OB ya kidijitali tumeahidiwa na wakubwa zaidi ya mara moja, lakini mimi nilipokwenda kuripoti niliandikiwa kwa kalamu, na nilipotoka seli nilitolewa kwa daftari.

Na ukitazama ramani ya hapa utaona kwa nini mambo haya hayangoji. Zamani mwizi wa Likoni alikuwa na feri mbele yake au barabara ya Lunga Lunga, basi. Leo kuna barabara ya Dongo Kundu: anatoka Kibundani, anavuka Mteza na Mwache, anatokea Miritini bila kugusa feri. Kaskazini ana daraja la Mtwapa, akishavuka yuko kaunti nyingine na vituo vingine na madaftari mengine. Wezi wanatembea haraka kuliko karatasi.

Halafu kuna hili la 999, namba ya simu ya dharura. Watu wa Kisauni na Likoni mnalijua kuliko mimi. Vijana wa mapanga wameingia mtaani, unapiga simu, unaulizwa "uko karibu na nini? duka gani? msikiti gani?", halafu unaambiwa gari liko upande mwingine. Gari lenye kompyuta na GPS linaonekana kwenye kioo cha chumba cha amri. Anayepokea simu anaona lipi liko karibu, analituma hilo, na linapelekewa mahali penyewe kwa ramani. Na kesho yake mkiuliza gari lilikuwa wapi saa nne usiku, jibu lipo, halitegemei maneno ya mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka mlisome polepole, kwa sababu nikisema "kompyuta" najua wapo watakaopiga makofi na kuishia hapo. Mashine peke yake haitoshi. Ikiwekewa habari mbovu itatukamata haraka zaidi, basi. Huko huko Marekani kuna kesi inaitwa Arizona v. Evans. Januari 1991, mjini Phoenix, mtu alisimamishwa kwa kuendesha gari kinyume kwenye barabara ya njia moja. Askari akaingiza jina lake kwenye kompyuta ya gari lake, ikamwambia kuna hati ya kumkamata. Akamkamata, akamkuta na bangi. Kumbe ile hati korti ilishaifuta siku 17 kabla, ila hakuna aliyeitoa kwenye mashine. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1995 majaji wakasema ushahidi usitupwe, kwa kuwa kosa lilikuwa la makarani wa korti na si la polisi. Yaani mtu ameshikwa kwa hati isiyokuwepo, na sheria ikamwambia ndivyo ilivyo.

Niliposoma kesi hiyo nilijiona mimi, Mwembe Tayari, na barua yangu mkononi.

Kwa hiyo ninachodai si mashine tu. Ripoti ikiingizwa kaunta, ionekane kwenye kila gari la doria saa hiyo hiyo. Gari likirudi kwa mwenyewe, ripoti ifutwe saa hiyo hiyo, na mwenye gari apewe namba ya kuonyesha kwamba imefutwa, ambayo askari yeyote anaweza kuihakiki pale pale barabarani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari za uongo zinazomhusu. Mimi habari ya uongo ilinilaza seli. Nani alinisahihishia?

Visingizio nimeshavisikia vyote. Joto la Mombasa, chumvi ya bahari, mashimo ya barabara: kompyuta za magari ya polisi hutengenezwa ngumu makusudi, zivumilie vumbi na mtikiso, na kioo chake husomeka juani. Betri ya gari kuisha: ni kweli, mashine ikiachwa inawaka injini imezimwa, gari halitawaka asubuhi, ndiyo maana hufungwa na swichi ya kuizima yenyewe baada ya muda. Mtandao kukatika: orodha ya namba za magari yaliyoibwa, hata zikiwa laki moja, ni ndogo kuliko video moja ya harusi mnayotumiana kwa WhatsApp. Ihifadhiwe ndani ya mashine, ijisasishe mtandao ukirudi. Hakuna hata moja kati ya haya lililo gumu.

Gumu ni hofu ya watu wetu, na hiyo naiheshimu. Nimezaliwa Majengo. Hatujasahau Februari 2014, polisi walipoingia msikiti wa Masjid Musa. Hatujasahau vijana waliochukuliwa na mama zao mpaka leo wanazunguka ofisi za haki za binadamu wakiuliza walipo. Mtu akiniambia "wewe unataka kumpa polisi mashine ya kumtafuta mwanangu kwa jina lake", siwezi kumpuuza. Jibu langu ni kwamba sasa hivi askari anaweza kumuulizia mwanao kwa redio au kwa simu yake binafsi, na hakuna alama inayobaki. Kompyuta iliyowekwa ipasavyo humtaka askari aingie kwa namba yake ya kazi, na kila jina alilotafuta, kila namba ya gari, saa na mahali, vinabaki vimeandikwa. IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, iwe na uwezo wa kuyasoma hayo bila kuomba ruhusa kwa OCS, mkuu wa kituo. Mashine isiyoandika nani katafuta nini, nami nitaipinga, tena kwa sauti kuliko nyinyi.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeandika kwamba nimwendee gavana anunue: usalama ni kazi ya serikali ya kitaifa, kaunti haina polisi wake. Lakini gavana hajavuliwa kazi yote. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, imeunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, na mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyemteua yeye. Pale ndipo wananchi na wakubwa wa polisi wanatakiwa wakae meza moja. Swali langu lipelekwe huko, lijadiliwe, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Dada aliyeuliza kama askari wenyewe watakubali: wengi watashukuru. Nimemwona askari kwa macho yangu akitoa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, kujaribu kuhakiki gari. Anayepinga ni yule anayekula kwa sababu hakuna kinachoandikwa. Unasimamishwa, hawezi kuhakiki bima yako, anakuambia "basi twende kituoni tukaangalie", nawe una abiria na hesabu ya jioni inakungoja. Hapo ndipo noti inapotoka. Jibu likipatikana kwenye kioo kwa sekunde chache, "twende kituoni tukaangalie" inakosa maana.

Ninaandika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Nauliza haya: ni magari mangapi ya doria katika kaunti ndogo zetu sita yana kompyuta au kifaa chochote cha kusoma orodha ya magari ya wizi, ripoti ya wizi inachukua muda gani kutoka kaunta hadi kwenye kizuizi cha barabarani, na nani, kwa cheo, ana wajibu wa kuifuta gari linaporudi. Wasipojibu naenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Aliyepitia kama haya yangu, hasa wenye bodaboda na tuktuk, aweke hapa chini mwezi wa tukio na mtaa tu. Msiweke namba zenu za magari wala majina ya askari hadharani. Wenye nakala za abstrakti na barua za kuachiliwa mnipatie kwa faragha nizifunge pamoja na ombi. Nitalipeleka kwa mkono, na nitataka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.